Honi Mbili za Mkwe

Mita mia mbili kabla ya geti, Lyndon alipiga honi mara mbili, kama alivyofanya kwa miaka tisa. Bi Eunice, mlinzi wa geti la Yalpari, nchi yetu ya jangwani, akaweka kikombe chake cha chai chini, akainuka, akaenda kusimama nyuma ya tangi la maji. Huyu Lyndon ni mume wa binti yake, na kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Hawasemezani, hawakai kivuli kimoja, hawatajani majina. Wageni hudhani ni ugomvi. Si ugomvi, ni heshima, tena ile ya juu kabisa, na mtu asiyekuwa nayo tunamwona hakulelewa.

Lyndon akashuka, akafungua geti mwenyewe, akaipitisha Toyota, akalifunga. Kwenye kiti cha mbele walibanana wageni wawili, Keith na mkewe Pam, wastaafu kutoka pwani. Springi za gari lao zilikuwa zimevunjika kilomita sita nje ya mpaka, na Lyndon alikuwa ametoka kuwachukua. Mizigo yao ilijaa nyuma, imefunikwa kwa turubai. Walipita mbele ya kibao ambacho akina mama wa Yalpari walikichora kwa mikono yao: POMBE HAILALI KATIKA NCHI HII. ANAYEPITA MOJA KWA MOJA AWE NA KARATASI, NA CHUPA ZIFUNGWE KWA UTEPE WETU. ANAYELALA AIACHE SANDUKUNI.

Sanduku lenyewe liko pale pale chini ya kibao. Ni la chuma, zito, limechomelewa kwenye nguzo mbili za reli. Mgeni huweka chupa zake, hufunga kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo huondoka nao. Akirudi anakuta alichokiacha. Kwa miaka kumi na tisa sanduku hilo halijawahi kuvunjwa, na kama hujui maana ya maneno hayo, waulize akina mama waliokaa barabarani siku mbili mchana na usiku kulizuia lori la bia lisiingie. Bi Eunice alikuwa mmoja wao. Alikuwa ametoka kuzika kaka zake wawili ambao majina yao hatuyataji, maana kwetu marehemu hatajwi jina.

Tangu hapo hupekua kila gari. Amepekua gari la polisi. Amepekua gari la mchungaji hadi ndani ya sanduku la gitaa, na basi la timu ya mpira hadi kwenye soksi za golikipa. Gari moja tu hakuwahi kuligusa, nalo ni la mkwewe. Hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa kosa. Honi ikilia, mama anageuka, mkwe anapita, na maisha yanaendelea.

*

Kambi ya familia iko kilomita tano ndani ya mpaka, kando ya bwawa la mwambani. Ina viwanja kumi na viwili vya kupiga hema, vyoo viwili, na bafu ambalo maji yake huchemshwa kwa kuni ndani ya pipa. Mwenye kuiendesha ni Roslyn, binti wa Bi Eunice, mke wa Lyndon. Ilikuwa mwishoni mwa Juni, msimu wa baridi, wageni wanamiminika, na viwanja vyote vilikwisha kukodishwa mpaka mwisho wa Julai. Familia nzima ilikula kutokana na miezi hiyo miwili.

Roslyn alikuwa akiwasaidia wageni kushusha mizigo. Akabeba boksi la plastiki la buluu. Lilikuwa zito, na lililia.

"Kuna nini humu, mama?"

"Dawa zangu," Pam alisema upesi. "Dawa na nguo."

"Dawa gani hizi zinazogongana?"

Roslyn akaliweka chini, akafungua mfuniko. Ndani ya sweta mbili kulikuwa na chupa sita za mvinyo, kila moja imevikwa soksi kama mtoto anayepelekwa kliniki. Roslyn akazitazama kwa muda. Kisha akaita, bila kupandisha sauti, "Lyndon. Njoo uone ulichobeba."

Lyndon alikuja akijifuta mikono. Aliona, akachuchumaa, akainama mpaka paji la uso likakaribia magoti.

"Sikilizeni," Keith alisema. "Karatasi ya kupita tunayo, hii hapa, ina mhuri. Hatukupanga kulala. Springi ndizo zilizopanga. Na chupa hazijafunguliwa hata moja. Ni za harusi ya binti yetu, huko ng'ambo ya mpaka wa magharibi. Nilizinunua mwaka aliozaliwa."

"Hongera," Roslyn alisema. "Kwa nini hukusema getini? Sanduku ulipita mbele yake."

Keith akamtazama mkewe. Pam akaona haya kidogo, lakini si kiasi cha kunyamaza. "Tuseme ukweli tu. Ukiacha mvinyo wa miaka ishirini na saba kwenye sanduku huku porini, utaukuta? Sisi hatuna ubaya na mtu. Lakini tunasikia habari. Sheria hii imewekwa kwa ajili ya watu wenu, si kwa watu kama sisi wanaojua kunywa kwa kiasi."

Jirani wa kiwanja cha tatu, aliyekuwa akikaanga vitunguu, akazima jiko lake ili asikie vizuri. Roslyn alihisi uso ukimchoma. Angeweza kumwambia mama huyo mambo mengi. Alikuwa na maneno ya kutosha kumpeleka hadi harusini na kumrudisha. Lakini alikuwa mwenye kambi na yule alikuwa mgeni, akayameza.

Keith alikwisha kutoa pochi. "Dola mia nne. Tuzifukie mahali mpaka springi zifike. Nani ataumia?"

"Rudisha pochi yako, bwana," Lyndon alisema, na hilo ndilo neno la kwanza alilolitoa.

*

Mume na mke walikwenda kando, nyuma ya rundo la kuni.

Kilichokuwa hatarini kila mtu wa Yalpari alikijua. Pombe ikiingia kambini, kambi hufungwa siku thelathini. Si polisi wanaofunga, ni kamati ya akina mama, na aliyependekeza sharti hilo ni Bi Eunice mwenyewe. Miaka minne iliyopita kambi ilipokuwa mikononi mwa binamu yao Neville, yalikutwa makopo mawili ya bia kwenye hema la wavuvi. Bi Eunice ndiye aliyefunga mnyororo kwenye njia, huku Neville akipiga kelele kwamba hakujua. Hadi leo akikutana na Roslyn dukani, Neville humwuliza kama mnyororo ule bado wanautunza vizuri.

"Zirudishe nje," Roslyn alisema kwa sauti ya chini. "Sasa hivi. Piga honi zako mbili, Mama atageuka, utapita, utaziweka kwenye gari lao. Hakuna atakayejua."

"Wewe utajua."

"Mimi nina Julai nzima ya kujua, Lyndon! Vikundi ishirini na sita!"

"Ros, nisikilize." Lyndon alikuwa mtu wa maneno machache, na yale aliyokuwa nayo aliyatoa kwa shida. "Nikipiga honi, mama yako anaacha chai yake anakwenda kusimama juani. Miaka tisa, hata akiwa na goti bovu. Ananiheshimu. Sasa nichukue heshima ile niifanye mlango wa nyuma wa kupitishia pombe? Mara ya kwanza sikujua. Mara ya pili nitakuwa mwizi."

Roslyn akalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, maana alijua mumewe yuko sawa na hakuna kinachoudhi kama hicho. Kisha akajifuta kwa mkono wa sweta lake, akapanda Toyota.

"Twende. Mimi ndiye nitakuwa mdomo wako. Kama kawaida."

*

Honi zililia mara mbili. Bi Eunice akashangaa, maana gari lilikuwa limepita saa moja tu nyuma, lakini akainuka akaenda nyuma ya tangi. Akasubiri kusikia geti likilia. Halikulia. Alisikia mlango wa gari, halafu mwingine, halafu sauti ya binti yake.

"Mama, kaa huko huko. Kuna neno."

Lyndon alikuwa amesimama upande wa pili wa gari, ameligeuzia geti mgongo. Roslyn alisimama katikati.

"Mwambie mama yako," Lyndon alisema, "kwamba nimeingiza pombe katika nchi yake."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia, sijawa kiziwi. Mwulize huyo mtu ni kiasi gani."

"Chupa sita. Za wale wageni. Hazijafunguliwa."

"Mwulize alijua?"

"Mwambie sikujua," Lyndon alisema. "Lakini mwambie pia sikuuliza. Nilibeba mizigo ya watu kama punda."

Nyuma ya tangi kukawa kimya. Hata mbwa wa Bi Eunice, ambaye hubwekea upepo, alitulia. Roslyn aliogopa. Alimjua mama yake akiwa na ukali, na ukali wa Bi Eunice una mwisho. Kimya chake ndicho kisichojulikana kina.

"Mwambie aende kule kwenye mti wa mulga," sauti ilisema hatimaye. "Ageuke."

Lyndon akaenda hatua hamsini, akageukia magharibi. Ndipo Bi Eunice akatoka, akichechemea, akaja mpaka kwenye Toyota. Alisimama akiitazama kama kitu anachokiona kwa mara ya kwanza. Akaweka kiganja juu ya mlango. Akafungua. Akapitisha mkono chini ya viti, nyuma ya viti, ndani ya boksi la vifaa, akatoa spana, kamba, kiatu kimoja cha mtoto, na bisikuti iliyogeuka jiwe.

"Miaka tisa," alisema. "Nimepekua watu hadi soksi, na gari hili nimelipa kisogo. Mtu nimheshimu, sawa. Nani aliniambia nimheshimu na gari?"

"Mama, si kosa lako."

"La nani? Lango lilikuwa wazi na mlinzi nilikuwa mimi." Akafunga mlango polepole. "Kamwambie Hilda aite kamati kesho asubuhi. Na hizo chupa ziletwe hapa, na wenyewe waje nazo. Leo hawalali ndani."

*

Akina mama sita walikaa kuzunguka moto kando ya geti, chai nyeusi ndani ya kopo, mkate uliookwa majivuni ukipita mkono kwa mkono. Mwenyekiti wao ni Hilda, dada mkubwa wa Bi Eunice kwa upande wa mama, mwanamke mnene mwenye kofia ya sufu ya timu yake ya mpira, ambayo haivui hata kanisani. Keith na Pam walisimama kando ya boksi lao la buluu. Walikuwa wamelala ndani ya gari lao bovu, kwa baridi, na walionekana hivyo. Lyndon alikuwa mbali, chini ya mulga, mgongo wake ukionekana.

"Mimi nasema hivi," Hilda alianza. "Kijana hakujua. Amezileta mwenyewe. Tunaweza kusema zilikamatwa getini, tukanywa chai yetu, tukaenda nyumbani."

"Hazikukamatwa, dada," Bi Eunice alisema. "Zilipita."

"Zilipita saa moja tu!"

"Bia za Neville zilikaa saa ngapi?"

"Neville alisema hakujua."

"Neville alijua hadi bei," mama mmoja alisema, na wote wakacheka, hata Roslyn aliyekuwa hana hamu.

Bi Eunice hakucheka. "Nilipomfungia sikumwuliza kama alijua. Nilifunga mnyororo nikarudi nyumbani nikalala usingizi. Leo ni mlango wangu, ni mkwe wangu, ni binti yangu. Nikipunguza hata siku moja, kibao kile kiangusheni tuchomee nyama. Siku thelathini."

"Mama, ni Julai!" Roslyn alipaza sauti mbele ya wazee, jambo asilolifanya kamwe. "Unajua Julai ni nini kwetu?"

"Kalenda naijua, binti yangu." Bi Eunice akamgeukia. "Nami nitakula mnachokula ninyi. Kikipungua, kitapungua kwenye sahani yangu kwanza."

Hilda akaivuta kofia yake mpaka kwenye nyusi, akasema imepita. Kisha akageukia boksi. "Basi hizi tumwage."

"Hapana," Bi Eunice alisema.

Wote wakamtazama. Sheria yao ilikuwa kumwaga mchangani, na wanawake wale walikuwa wamemwaga pombe ya kutosha kuotesha bustani.

"Roslyn amenieleza alichosema mama huyu jana. Kwamba sanduku letu halina usalama. Kwamba sheria ni ya watu wetu, wasiojua kiasi. Sasa tukimwaga, atafika harusini atasema tumekunywa." Akamtazama Pam usoni, bila chuki. "Mama, ziweke sandukuni. Funga kwa kufuli lako. Ufunguo ning'iniza shingoni. Springi zinafika Alhamisi."

Keith ndiye aliyebeba boksi. Kufuli lilipolia, alisema "Samahani" kwa sauti ambayo mkewe tu aliisikia, kisha akarudia kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

*

Roslyn alipiga simu ishirini na sita. Wengine walielewa. Wengine walimwuliza kama ni utani. Mwanamke mmoja alisema, "Ndiyo maana watu hawawaamini," akakata simu, na Roslyn akabaki ameshika chombo sikioni mpaka kilipoanza kulia. Dukani Neville alimngoja kwa hamu. "Vipi mnyororo?" alimwuliza.

"Mzima," Roslyn alijibu. "Mama aliufunga mwenyewe. Twende ukamwambie kama ameukaza vibaya."

Neville hakwenda. Ila kuanzia siku ile hakuuliza tena, na wiki iliyofuata aliacha gunia la unga mlangoni kwao bila kusema ni la nani.

Bi Eunice naye, kila jioni, alimpa Roslyn mkate na dumu la maji awapelekee wale wawili kwenye gari lao nje ya mpaka. "Wamekosa," alisema, "lakini wako njiani kwetu. Mtu hafi kiu njiani kwetu."

Alhamisi mchana lori la barua lilileta springi. Lyndon alilala chini ya gari lao mpaka saa tisa, akazifunga, akakataa malipo zaidi ya bei ya kazi. Walipofika getini akina mama walikuwa wamejaa. Pam akavua ufunguo shingoni, akafungua kufuli. Aliinua mfuniko wa boksi, akauteremsha haraka.

"Asanteni," alisema.

"Hesabu," Bi Eunice alisema.

"Hakuna haja, kwa kweli."

"Haja ipo, mama. Hesabu kwa sauti, wenzangu nao wasikie."

Pam akahesabu. Moja. Mbili. Hesabu ya sita ilitoka na machozi. Hilda akazungushia boksi utepe wa kamati, akatia sahihi juu yake, akaangalia karatasi yao ya kupita.

"Kilomita mia tatu," Bi Eunice aliwaambia. "Mpite, msilale. Na binti yenu mwambieni mvinyo wake ulilindwa na wanawake wa Yalpari."

Keith akavua kofia. Nimewahi kuona watu wengi wakipita geti lile, wenye vyeo na wasio navyo, na sijaona aliyelipita kwa adabu kama mzee yule siku ile.

*

Siku ya thelathini na moja, mapema, Bi Eunice alifungua mnyororo wa kambi, akarudi kwenye kiti chake. Alikuwa amepungua mwili. Neno la sahani alikuwa amelitimiza. Roslyn alikuwa naye, akisafisha kibao kwa kitambaa. Hilda alikuja kwa sababu, alisema, nyumbani kwake chai si tamu.

Honi zikalia mara mbili.

Bi Eunice hakwenda nyuma ya tangi. Aligeuza kiti tu, akatazama upande mwingine. Toyota ikasimama mbali na geti. Lyndon akashuka, akafungua milango yote na mlango wa nyuma, mmoja baada ya mwingine, akaiacha wazi kama nyumba siku ya usafi. Kisha akatembea mpaka kwenye mulga, akageukia magharibi. Hivyo ndivyo wanavyofanya sasa, na ndivyo wafanyavyo wakwe wote wa Yalpari.

"Tayari, Mama," Roslyn alisema.

Bi Eunice akachechemea hadi kwenye gari. Akakagua nyuma, akakagua boksi la vifaa, akapitisha mkono chini ya kiti cha dereva. Mkono ukasimama. Kulikuwa na kitu kizito, kimefungwa gazeti.

Roslyn alimwona mama yake akibadilika rangi. Hilda akaweka kikombe chini. Bi Eunice akakivuta kile kitu polepole, akakiweka juu ya boneti, akafunua gazeti.

Ulikuwa mkia wa kangaruu, mnene kama mkono wa Hilda, manyoya yamechomwa vizuri kwa moto, mafuta yakimeremeta. Nyama ya mama mkwe ni deni la kila mkwe mwenye adabu, na kwa miaka tisa Lyndon aliilipa kupitia mikononi mwa Roslyn, mlango wa jikoni. Hii aliiweka mahali ambapo Bi Eunice mwenyewe angeifikia kwa mkono wake.

Bi Eunice alisimama akiutazama mkia ule mpaka Hilda akaanza kukohoa kwa makusudi. Alijipangusa macho kwa gazeti, likamwachia wino shavuni.

"Roslyn," alisema kwa nguvu, sauti ifike mpaka kwenye mulga. "Mwambie huyo mtu nimemkamata na mzigo. Nao hauvuki geti hili, unabaki hapa."

Kule mbali mabega ya Lyndon yalianza kutikisika kwa kicheko, lakini hakugeuka.

"Na mwambie," Bi Eunice akaongeza, akiufunga mlango wa gari la mkwewe kwa mkono wake mwenyewe, "apite."